Diski iliyosimbwa ilipanda basi: uchambuzi wa kisa cha hifadhi ya data Mbeya

Kisa hiki ni cha chama cha akiba na mikopo kilichoko Nyanda za Juu Kusini. Jina la chama, la mkandarasi aliyejenga mfumo, la msambazaji wa vifaa, anwani za mtandao na tarehe vimeondolewa, na majina ya watumiaji wa mfumo yamebadilishwa. Namba za matoleo ya programu na namba za CVE (utambulisho wa udhaifu wa programu uliotangazwa hadharani) zimeachwa zilivyo, kwa sababu ndizo atakazozihitaji mtu anayetaka kukagua mfumo wake mwenyewe.

## Usuli

Makao ya chama yako Mbeya mjini, na matawi yametawanyika kando ya barabara kuu ya TANZAM na njia ya Tukuyu. Wanachama wengi ni wakulima wa kahawa, chai, mpunga na viazi. Kila mkopo huacha rundo la skani: kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya kijiji, hati ya shamba kwa walio nayo, picha na sahihi za wadhamini. Skani hizo zote zilihifadhiwa kwenye klasta ya Ceph, programu ya kuhifadhi data kwenye seva kadhaa kwa pamoja, yenye seva 3, kila seva ikiwa na diski 4 za TB 4. Jumla ghafi ni TB 48. Kwa kuwa kila kitu huwekwa nakala 3, moja katika kila seva, nafasi halisi ni TB 16, na klasta ilikuwa imejaa asilimia 55.

Kwa asiyeifahamu Ceph: kila diski husimamiwa na mchakato uitwao OSD, na mbali na hizo kuna mon, yaani michakato inayotunza ramani ya klasta, orodha ya watumiaji na funguo zao. Hapa mon zilikuwa 3, zikiendeshwa kwenye seva zilezile zenye diski. Kwa klasta ndogo huo ni mpangilio wa kawaida, ila una gharama yake, nayo itaonekana mbele.

Mkandarasi alijenga mfumo kwa ceph-ansible, yaani skripti za kusakinisha Ceph, akaweka `dmcrypt: true` ili kila diski isimbwe kwa LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski. Toleo lilikuwa Mimic la mwanzo, kabla ya 13.2.4. Bando lilikuwa ghali, hivyo vifurushi vya programu vilinakiliwa mara moja kwenye hazina ya ndani, na baada ya hapo hakuna aliyevigusa kwa zaidi ya miaka minne. Mimic yenyewe iliacha kupokea marekebisho mwaka 2020. Kwenye taarifa ya makabidhiano iliandikwa sentensi moja tu kuhusu usalama wa diski: data yote imesimbwa. Sentensi hiyo ilikuwa kweli.

Jambo jingine la mahali. Baridi ya Mbeya ilikipa chama unafuu wa kutonunua kiyoyozi. Chumba cha seva kiko ghorofa ya chini, kinapozwa na feni moja na dirisha lenye nondo linalokaa wazi. Umeme hukatika mara kwa mara msimu wa mvua, UPS hushika dakika 20 hivi, kisha jenereta huwashwa kwa mkono.

## Kilichotokea

Baada ya umeme kukatika usiku na kurudi kwa kishindo, diski ya `osd.7` haikuamka tena. Ilionekana kwenye orodha ya vifaa lakini kila ombi la kusoma lilirudisha kosa. Fundi wa zamu alifuata karatasi ya maelekezo aliyoachiwa na mkandarasi: `ceph osd out`, `ceph osd crush remove`, `ceph auth del`, `ceph osd rm`. Akaichomoa, akaifunga kwenye boksi, akaikabidhi kwa wakala wa basi la asubuhi iende Dar es Salaam kwa msambazaji, kwa kuwa dhamana ilitaka diski mbovu irudishwe ndipo mpya itolewe.

Jioni meneja aliuliza swali la kawaida kabisa: hiyo diski imeondoka na vitambulisho vya wanachama? Fundi alijibu kwamba imesimbwa. Meneja akauliza tena, sasa kwa upole wa mama anayemhoji kijana wake: «Na ufunguo wake, baba, uko wapi?» Fundi hakuwa na jibu. Usiku huo ukaguzi ukaanza.

Ili kufuata yaliyoonekana, inabidi kujua ufunguo wa diski ya Ceph unakaa wapi. Chombo kiitwacho `ceph-volume` kinapotengeneza OSD iliyosimbwa, hubuni baiti za nasibu (128 kwa kawaida, 64 hapa kwa mpangilio wa mkandarasi), huziandika kwa herufi za base64, hizo ndizo neno la siri la LUKS, na huzipeleka kwenye hifadhi ya mon chini ya jina `dm-crypt/osd/<fsid>/luks`, ambapo fsid ni kitambulisho cha OSD hiyo. Seva ikiwaka, hutumia akaunti ndogo iitwayo `client.osd-lockbox.<fsid>` kwenda kwa mon kuchukua neno hilo na kufungua diski. Siri ya akaunti hiyo ndogo yenyewe imeandikwa wazi kwenye lebo za LVM (mpangilio wa Linux wa kugawa diski), juu ya diski ileile. Hivyo diski peke yake haifunguki. Diski pamoja na njia ya kuifikia mon kwa mtandao, inafunguka.

Jambo la kwanza lililopatikana ni kwamba ile karatasi ya maelekezo ilikuwa ya enzi za kabla ya usimbaji. Amri zake 4 humwondoa `osd.7` kwenye ramani lakini haziufuti ufunguo wa LUKS wala akaunti ya lockbox. Vyote viwili vilikuwa bado viko ndani ya mon, hai, huku diski iko kwenye buti la basi. Kuanzia toleo la Luminous ipo amri `ceph osd purge`, ambayo huondoa OSD pamoja na funguo zake. Haikutumika kwa sababu karatasi haikuitaja.

La pili lilionekana kwenye kompyuta ya mapokezi ya TEHAMA, inayoonyesha hali ya klasta kwenye skrini ukutani. Kompyuta hiyo ilitumia akaunti `client.skrini` yenye ruhusa ya kusoma tu, `mon 'allow r'`. Mkaguzi alikaa hapo na kuandika:

`ceph --id skrini config-key get dm-crypt/osd/<fsid>/luks`

Ukatoka mstari mmoja wa herufi 88. Hilo ndilo neno la siri la diski nzima, limetolewa kwa akaunti ambayo kila mtu ofisini aliiona haina madhara kwa sababu haiwezi kuandika chochote. Udhaifu huu una namba yake, CVE-2018-14662: kwenye Ceph kabla ya 13.2.4, mtumiaji mwenye ruhusa ya kusoma pekee aliweza kuchukua funguo za dm-crypt, yaani za diski zilizosimbwa. Amri ileile kwa fsid za diski nyingine 11 ilitoa funguo nyingine 11.

La tatu ndilo zito kuliko yote, na halikuhitaji CVE yoyote. Kwenye mipangilio ya ceph-ansible mkandarasi aliweka `copy_admin_key: true`. Mpangilio huo hunakili `ceph.client.admin.keyring` hadi kwenye mashine za wateja. Mashine mojawapo ilikuwa seva ya programu ya mikopo, ambayo lango lake la wanachama linafikika kutoka intaneti. Faili ilikuwa na ruhusa 0644, yaani mchakato wowote kwenye mashine hiyo, hata wa tovuti, uliweza kuisoma. Nakala nyingine zilikutwa kwenye mashine ya usakinishaji, ndani ya folda ya `fetch/` ambamo ceph-ansible hukusanya funguo inapofanya kazi, na folda hiyo ilikuwa imenakiliwa kwenye flashi kama bakapu.

La nne lilikuwa kwenye logi. Programu ya mikopo husimba skani nyeti kwa ufunguo wake yenyewe na kuutuma pamoja na kila ombi la S3, njia inayotumia kuweka na kuchukua faili kwenye Ceph. Mwezi mmoja kabla, fundi alikuwa amepandisha `debug_rgw`, kiwango cha undani wa logi za lango la S3, hadi 20 kutafuta tatizo la upakiaji kutoka tawi moja, na hakuirudisha. Kwa CVE-2018-16889, Ceph ya matoleo hayo huandika funguo hizo wazi kwenye logi za uthibitishaji wa v4. `grep -i server-side-encryption-customer-key` kwenye `/var/log/ceph` ilirudisha maelfu ya mistari, na bakapu ya kila usiku ilikuwa ikiipeleka `/var/log` yote kwenye diski ya nje iliyoko kwenye droo ya mhasibu.

Mengine yalikuwa madogo. Hazina ya ndani ya vifurushi ilikuwa na `gpgcheck=0`, kwa hiyo saini za vifurushi hazikukaguliwa kamwe. Na `cryptsetup luksDump` ilionyesha MK bits 256 (urefu wa ufunguo mkuu wa diski) ingawa mkandarasi alikuwa ameandika `osd_dmcrypt_key_size = 512`. Hili la mwisho linahusiana na CVE-2021-3979: `ceph-volume` haikupitisha urefu huo kwa LUKS, uliathiri tu urefu wa neno la siri. Kwa XTS, namna ya usimbaji inayogawa ufunguo nusu kwa nusu, biti 256 maana yake ni AES-128.

## Maamuzi na sababu zake

Wa kwanza kupigiwa simu alikuwa wakala wa basi. Timu haikusubiri ukaguzi uishe, kwa hoja rahisi: gharama ya kuirudisha diski ni nauli ya kifurushi na dhamana iliyopotea, gharama ya kukosea haipimiki. Boksi lilikuwa limeshapokelewa na msambazaji, likachanganywa na diski nyingine mbovu. Aliombwa ailinganishe namba ya utambulisho ya kifaa (serial) na ile iliyorekodiwa, aitenge, na airudishe.

Hapohapo likaja pendekezo la kubadilisha ufunguo wa `osd.7` ndani ya mon. Lilikataliwa, na ni vizuri kueleza kwa nini, kwa sababu ni kosa linalowapata wengi. Neno la siri la LUKS hupimwa dhidi ya kichwa kilichoandikwa kwenye diski. Diski ikiwa Dar es Salaam, kichwa chake bado kinakubali neno la zamani, uandike unachotaka Mbeya. Kinachosaidia ni kuua kila nakala ya neno hilo la zamani. Zikafutwa kwa mpangilio:

`ceph config-key rm dm-crypt/osd/<fsid>/luks`
`ceph auth rm client.osd-lockbox.<fsid>`

Kisha zikasakwa nakala za mon zilizohifadhiwa kwenye bakapu, pamoja na faili moja ya `config-key dump` iliyosahaulika kwenye mashine ya usakinishaji, nazo zikafutwa. Kawaida diski inayoondoka hupigwa `cryptsetup luksErase` kwanza ili nafasi zote za funguo zifutike. Hii haikuwezekana, ilikuwa haisomeki.

Ufunguo wa admin ulibadilishwa usiku huohuo. Mimic haina amri ya kuuzungusha, kwa hiyo ilitengenezwa akaunti ya pili yenye mamlaka kamili, ikajaribiwa, ndipo ufunguo mpya kutoka `ceph-authtool --gen-print-key` ukaandikwa kwenye faili ya `client.admin` na kuingizwa kwa `ceph auth import -i`. Anayeruka hatua ya akaunti ya pili na kukosea herufi moja atajikuta nje ya klasta yake. Mlango wa dharura upo, ni ufunguo wa `mon.` ulioko kwenye folda ya mon ndani ya `/var/lib/ceph/mon`, lakini si wa kuutafuta saa nane usiku. Faili mpya ikawekwa 0600, na seva ya programu ya mikopo ikapewa akaunti yake isiyoona chochote zaidi ya lango la S3.

Akaunti ya skrini ilifutwa kabisa. Kulikuwa na wazo la kuibana kwa `allow command "status"` na nyingine mbili tatu. Lakini mgr, mchakato wa Ceph wa usimamizi na takwimu, una moduli ya prometheus inayotoa takwimu kwenye lango 9283 bila kuhitaji ufunguo wowote wa cephx, uthibitishaji wa Ceph. Kwa nini skrini ya ukutani iwe na ufunguo?

Kuhusu diski 11 zilizobaki, njia ilikuwa mbili. Ya haraka ni `cryptsetup luksChangeKey`: chukua neno la zamani, weka jipya, andika jipya kwenye mon, dakika chache kwa kila diski. Ya polepole ni kumwaga kila OSD, kuiharibu na kuitengeneza upya kwa ufunguo mpya. Timu ilianza na ya haraka, kwa `osd.2`. Neno jipya liliandikwa kwenye faili kwa `echo`, likapewa LUKS kwa `--key-file` na mon kwa `ceph config-key set -i`. OSD ilipozimwa na kuwashwa, haikufunguka. Sababu ilikuwa herufi moja isiyoonekana: `echo` huongeza alama ya mstari mpya mwishoni. LUKS ikisoma kwa `--key-file` huihesabu alama hiyo kama sehemu ya neno. `ceph-volume` huiondoa inapochukua neno kutoka kwa mon, hivyo maneno hayo mawili hayakulingana. Dawa ni `printf %s`, isiyoongeza alama hiyo. Imani ilikuwa imeshatikisika, ikaamuliwa kuijenga upya `osd.2` na kufuata njia ya polepole kwa zote.

Njia hiyo nayo ilikuwa na hesabu yake. Nakala moja lazima ikae katika kila seva, hivyo diski ikimwagwa data yake huhamia kwa wenzake watatu wa seva ileile. Asilimia 55 mara 4 ikigawanywa kwa 3 inatoa 73, chini ya kiwango cha onyo cha asilimia 85. Lakini seva ya `osd.7` ilikuwa tayari na diski 3 tu, zimejaa 73. Kumwaga nyingine hapo kungetaka diski 2 zibebe asilimia 110 kila moja. Kwa hiyo diski mpya ilinunuliwa na kujazwa kwanza, na seva hiyo ikawekwa mwisho wa foleni. Fundi mmoja alipendekeza kuruka umwagaji: haribu OSD papo hapo, tengeneza, iache ijijaze. Ingeokoa karibu nusu ya muda, ila kwa saa nyingi sehemu ya data ingekuwa na nakala 2 tu, msimu wa mvua, UPS ya dakika 20. Ikakataliwa.

Kabla ya kujenga, toleo lilipandishwa hadi 13.2.10, mon kwanza, kisha mgr, OSD na mwisho lango la S3, `noout`, inayozuia Ceph kuhamisha data OSD ikizimwa kwa muda, ikiwa imewekwa. Vifurushi vilipakuliwa upya na saini zikakaguliwa. Kwa kila diski hatua zilikuwa hizi:

`ceph osd out 4`
`ceph osd safe-to-destroy 4`
`systemctl stop ceph-osd@4`
`ceph osd destroy 4 --yes-i-really-mean-it`
`ceph-volume lvm zap --destroy /dev/sdX`
`ceph-volume lvm create --bluestore --dmcrypt --osd-id 4 --data /dev/sdX`

Ya pili hurudiwa mpaka ikubali. Kwa TB 2.2 za kuhama kupitia mtandao wa Gb 1, hesabu ya makaratasi ni karibu saa 5 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Uhalisia ulikuwa saa 20 hadi 26, kwa sababu mchana matawi yalikuwa yakipakia skani.

Mwanasheria wa chama aliitwa siku ya pili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji alinde taarifa za watu na aijulishe Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi panapotokea uvunjifu wa usalama. Ushauri wake ulikuwa kuandaa taarifa mapema kwa ukweli uliopo, bila kusubiri uhakika kwamba mtu alisoma kitu.

## Matokeo

Diski ilirudi baada ya siku 6, namba yake ikilingana na rekodi, ikatobolewa kwa drili mbele ya meneja. Dhamana ilipotea. Logi ya ukaguzi ya mon, `ceph.audit.log`, hurekodi kila amri na akaunti iliyoituma. Humo hakukuwa na `config-key get` kutoka kwa skrini wala kwa anwani ya seva ya programu, ukiacha za mkaguzi mwenyewe. Lakini logi hizo huzungushwa kila siku na kuhifadhiwa 7 tu. Wiki ile ilikuwa safi, miaka minne ya nyuma haina shahidi.

Diski zote zilimalizika kujengwa upya baada ya siku 19. Funguo za S3 za programu ya mikopo zilibadilishwa na skani zilizoathirika kusimbwa upya, kazi iliyofanywa na msanidi wa programu kwa siku 4. Logi zenye funguo zilifutwa pamoja na bakapu zake kwenye droo ya mhasibu.

Siku ya 9 kulitokea jambo lililostahili sura yake. Fundi aliendesha tena skripti za ceph-ansible kuongeza mpangilio mdogo wa mtandao. Asubuhi yake jaribio la kila siku, ile amri ya `--id skrini`, lilirudi tofauti. Badala ya kosa la akaunti kutojulikana likaja kosa la kunyimwa ruhusa. Maana yake akaunti ilikuwa imefufuka. Orodha ya `keys:` ndani ya `clients.yml` bado ilikuwa na `client.skrini` na `allow r` yake, na ceph-ansible ikatimiza wajibu. `debug_rgw = 20` nayo ilirudi kupitia `ceph_conf_overrides`, na `copy_admin_key` ikapeleka ufunguo mpya wa admin, wenye siku 9, kwenye seva ileile iliyopokonywa ule wa zamani. Kilichozuia funguo za LUKS kutoka mara ya pili ni toleo la 13.2.10 pekee. Ufunguo wa admin ukabadilishwa tena.

## Uchambuzi

Swali la meneja lilifanya kazi kuliko kifaa chochote. Taarifa ya makabidhiano ilijibu kama diski imesimbwa, na jibu lilikuwa ndiyo. Haikujibu nani anaweza kuupata ufunguo, nalo ndilo jambo linaloamuliwa na chombo cha usakinishaji, si na AES. Rekodi ya programu hizi inaonyesha kosa moja likijirudia kwa sura tofauti. Mwaka 2015 ceph-deploy iliacha ufunguo wa admin ukisomeka na kila mtu, ikarekebishwa katika 1.5.23 kwa CVE-2015-3010, kisha amri yake nyingine ikakutwa na tatizo lilelile, CVE-2015-4053, hadi 1.5.25. Mwaka 2020 ceph-ansible ilikutwa na maneno ya siri chaguomsingi yaliyoandikwa ndani ya skripti, CVE-2020-1716, na faili ya `iscsi-gateway.conf` inayosomeka na wote, CVE-2020-25677. Hakuna hata moja iliyogusa hisabati ya usimbaji. Zote ni za mtu kuandika siri kwenye faili na kusahau kuilinda. Ukaguzi wa haraka wa mfumo wa namna hii uanze na `find /etc/ceph /var/lib/ceph -perm -o+r -type f`, na folda ya mtu aliyesakinisha.

Marekebisho ya mkono bila kugusa skripti yalikuwa kosa kubwa la timu yenyewe. Mfumo uliojengwa kwa Ansible una ukweli mmoja tu, nao uko kwenye faili za yml. Kinachofutwa kwenye klasta bila kufutwa huko kimekopwa tu. Lililoenda vizuri ni kwamba jaribio la siku ya kwanza halikutupwa. Liliwekwa kwenye cron, ratiba ya kazi za kujiendesha, likitarajia kukataliwa, na likapiga kelele aina ya kukataliwa ilipobadilika.

Kuhusu siku 19, sisi tunaona zilikuwa nyingi. Tishio lilikuwa la mtu aliyesoma maneno ya siri kwa mtandao, asiye na vichwa vya diski, kwa sababu diski hizo 11 hazikutoka chumbani. Kwa tishio hilo `luksChangeKey` inatosha, maana kichwa kikiandikwa upya neno lililoibwa halifungui kitu. Ingekuwa tofauti kama kuna aliyekuwa na root, yaani mamlaka kamili, kwenye seva za diski: huyo angeweza kunakili kichwa, na kwa kuwa `luksChangeKey` haibadilishi ufunguo mkuu wa ndani, neno la zamani na kichwa cha zamani vingeendelea kufungua data hata kesho. Timu iliikimbia njia sahihi kwa sababu ya alama ya mstari mpya. Jaribio moja kwenye diski ya flashi lingeligundua tatizo hilo kwa dakika 10.

Ujenzi upya ungekuwa na maana zaidi baada ya kuhamia toleo lenye marekebisho ya CVE-2021-3979, kwani kwenye 13.2.10 diski zimetoka tena na biti 256. Hilo halikumtisha yeyote mwenye uzoefu, na ni sawa. AES-128 haijavunjwa, na kati ya matundu yote ya kisa hiki ndilo la mwisho kuzibwa. Ajabu ni kwamba kwenye rasimu ya kwanza ya ripoti ndilo lililokuwa ukurasa wa mbele, kwa sababu lina namba inayoonekana ndogo.

Logi za siku 7 ni chache mno. `ceph.audit.log` ni ndogo, kuihifadhi mwaka mzima kwenye mashine nyingine hakugharimu nafasi ya kutajwa, na imeshapangwa hivyo.

Limebaki dirisha. Hifadhi ya mon, yenye funguo zote, iko kwenye SSD za mfumo ambazo hazikusimbwa, ndani ya seva zilezile zenye diski. Anayebeba seva moja nzima anabeba kufuli na ufunguo pamoja, na kwa kuwa kila seva ina nakala kamili ya data, amebeba kila kitu. Chama kimeamua kusimba SSD hizo na kuzifungua kwa Clevis, chombo kinachofungua diski chenyewe mradi kiifikie kwa mtandao seva ndogo ya Tang, iliyowekwa kwenye chumba cha fedha cha jengo hilohilo, chenye mlango wa chuma. Ilipendekezwa iwekwe tawini, ikakataliwa: waya wa faiba ukikatika sambamba na umeme, seva zisingewaka hadi mtu aje kuandika neno la siri. Neno hilo la akiba lipo, kwenye bahasha iliyofungwa, kwa meneja. Seva 2 zimekamilika. Ya tatu inasubiri SSD mpya, na nondo za pili za dirisha ziko kwa mchomeleaji.